Breka Iliyokuwa Ikianguka Chumbani kwa Wakwe

Aisee wakuu, vuteni viti, hili lilinikuta mimi mwenyewe.

Kuna breka moja kule Butiama, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilikuwa inaanguka kila nikimaliza kuifunga. Waya mpya, breka mpya, chaja ya gari mpya, na kila kitu nimekichagua kwa mkono wangu. Nikifika tu Musoma simu inaita: "Fundi, imeanguka tena."

Fundi ndio mimi. Lakini kwenda kuiangalia hiyo breka kwa macho yangu siwezi.

Siwezi kwa sababu iko chumbani. Tena si chumba cha hivi hivi. Ni chumba wanacholala baba mkwe na mama mkwe wangu.

Kama wewe ni mtu wa Mara, hapo umeshashika kichwa. Kama si wa Mara, basi jua hivi: kwetu mkwe wa kiume haingii chumba cha wakwe. Hata moto uwake humo ndani, wewe utamwaga maji ukiwa dirishani, tena umeangalia pembeni.

Jina langu Mwikwabe. Nafunga umeme Musoma mjini. Sijisifu, ila ukipita Nyasho jioni ukaona nyumba taa zimetulia, hazichezichezi, uliza nani kafunga.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwangu.

Mke wangu Sabina anauza samaki Mwigobero. Friji lake lilikuwa kwenye soketi iliyoungua. Aliniambia, nikasema kesho. Akaniambia tena, nikasema wateja kwanza. Siku moja akafungua friji akakuta sato wote wameoza. Soko zima likamcheka, eti mke wa fundi umeme anaozesha samaki kwa kukosa umeme.

Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Alikunja nguo zake, akapanda gari la Butiama, akaenda kwao.

Sasa kwetu mke akirudi kwao humfuati peke yako kama unafuata mbuzi aliyekata kamba. Unakwenda na wazee wako, wakuombee. Nikamchukua mjomba wangu Mwandu wa kule Bunda, mtu wa maneno mengi. Mjomba aliongea weee! Akaanzia kwenye ukoo wetu, akapitia bei ya pamba, akamaliza bila hata kumtaja Sabina.

Baba mkwe, Mzee Machage, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Haya. Nendeni mkajipange, halafu mje tena."

Tukarudi mikono mitupu. Jamani, nilikuwa namkosa Sabina vibaya sana. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha redio nikienda kuoga, angalau nisikie mtu.

Nikiwa katika hali hiyo, simu ikaita. Kasmiri.

Kasmiri ni kaka yake Sabina, anafanya kazi Mwanza. "Shemeji! Nimemnunulia Mzee gari la umeme. Kadogo tu, kametumika Japani. Nenda Butiama kamfungie chaja pale nyumbani. Chagua wewe inayofaa, mimi nagharamia."

Kumbe hajui kama dada yake karudi kwao! Familia ilimficha. Na mimi nikajikausha.

"Shemeji, hiyo kazi ndogo. Kesho niko huko."

Unaona akili ilivyonicheza? Mkwe ndiye anatakiwa aende na wazee. Fundi haendagi na wazee. Fundi anaenda na bisibisi.

Nikafika Butiama na begi langu la vifaa, nimechomekea na shati. Mzee Machage alikuwa amekaa uani, gari jeupe limepaki chini ya bati karibu na zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kama nani?"

"Nimekuja kama fundi."

Akanikagua kuanzia viatu. "Vizuri. Basi mambo ya binti yangu usiyaguse. Ukiyagusa tu unageuka mkwe, na mkwe nilimwambia akajipange."

"Nimekuelewa baba."

"Na usiniite baba. Mteja hana mtoto."

Nikafungua begi. Tukaanza kazi.

Mzee alitaka chaja kubwa kuliko zote. "Mwanangu kasema zipo zinazojaza gari kabla chai haijapoa. Nifungie hiyo."

"Mzee, hiyo inataka umeme wa njia tatu, kama wa mashine ya kusaga. Waya unaoingia hapa kwako ni wa njia moja, tena mwembamba. Ukiwasha hilo dude, majirani wote taa zinakuwa vibatari."

"Basi hii ndogo iliyokuja na gari, tuchomeke ukutani yaishe."

"Soketi zako ni za zamani. Zilifungwa kwa ajili ya redio na pasi. Gari linavuta umeme usiku kucha bila kupumzika. Soketi itapata moto, itayeyuka."

Nilitaka kuongeza kwamba soketi iliyoungua naijua ilivyonitenda, nikajizuia.

Tukakubaliana ya kati. Chaja ya kufunga ukutani, niipunguze nguvu iendane na umeme wa pale, ipewe waya wake peke yake, mnene, utoke moja kwa moja kwenye meni swichi, lile sanduku linalogawa umeme wa nyumba, na uwe na breka yake. Gari linalala tu usiku, haraka ya nini? Nondo ya arthi, ya kupeleka umeme uliopotea ardhini, nikasema nitaizamisha nyuma ya zizi. Kwingine kote pale ni mawe matupu, ila nyuma ya zizi ardhi ni laini, imelowa mikojo ya ng'ombe mwaka mzima.

Mzee akafurahi kusikia mikojo ya ng'ombe ina kazi kwenye gari la Mjapani.

"Sasa Mzee, meni swichi iko wapi?"

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?"

"Kwangu. Niliiweka huko wezi wasije wakanizimia umeme."

"Basi naomba niingie mara moja..."

"Uingie wapi?"

"Si nimekuja kama fundi?"

Mzee akatikisa kichwa. "Kwenye maneno wewe ni fundi. Kwenye mlango wa chumba changu wewe ni mkwe."

Nikasema hapa kimeumana.

Mama mkwe alikuwa mlango wa jikoni, amenipa mgongo, kanga kichwani. Mama Kasmiri haongei na mimi moja kwa moja, ndiyo heshima yenyewe. Akitaka nisikie kitu, anawaambia kuku.

"Nyie kuku," akasema, "kuna mtu humu ndani alikuwaga anamshikia mume wake tochi kwenye kazi. Si aingie yeye?"

Mzee akafikiri. Akaita, "Sabina!"

Akatoka. Sabina hakuniangalia usoni. Alichukua bisibisi mkononi mwangu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mita ipo ukutani nje, kwenye sanduku la kufuli; Mzee akanipa ufunguo, nikazima umeme wote. Nikapima, nikatoboa ukuta kutokea nje usawa wa meni swichi. Vumbi likaingia ndani.

"Unamwagia mama vumbi kitandani!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu aondoke. Nilitamani nitoboe na tundu la pili.

Nikapitisha waya kwenye tundu. Mimi nje, yeye ndani, mdomo wangu umeelekea tundu kama ninaongea na simu.

"Wa kahawia uingize kwenye breka. Kaza. Vuta uone kama umeshika."

"Umeshika."

"Wa njano na kijani peleka kwenye arthi."

"Najua, Mwikwabe. Kazi yako nimeiona nyumba zote za Musoma, isipokuwa ya kwangu."

Mzee alikuwa ameweka kiti pembeni yangu. Akakohoa. "Hilo ni neno la fundi au la mkwe?"

"La fundi, Mzee. Tunajadili arthi."

Tukamaliza. Nikarudisha umeme, nikachomeka gari, taa ya kijani ikawaka. Nikafungasha vifaa haraka haraka kabla Mzee hajabadilika. Nilitegemea atafurahi.

"Imewaka?"

"Imewaka, Mzee."

"Mh," akasema, akaenda kuangalia ng'ombe.

Kesho yake nipo juu ya dari ya mtu, simu ikaita. Sabina. "Imeanguka."

Sikuuliza hata mara mbili. Nikamwacha mteja na giza lake, huyooo Butiama.

Nikapima waya, mzima. Nikapima arthi, safi kabisa. Nikamwambia kupitia tundu apandishe breka, ikapanda, chaja ikawaka. Kosa silioni.

"Kuna harufu ya kuungua huko ndani?"

"Harufu iliyopo inatoka huko nje kwenye soksi zako."

Akacheka. Jamani! Kicheko cha Sabina kikipita kwenye tundu la waya kinakuwa kitamu mara mbili. Na mimi nikacheka. Mzee akakohoa, tukanyamaza.

Kisha akaongea taratibu, karibu kabisa na tundu. "Wale sato walikuwa oda ya harusi. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nikanong'ona, "Nisamehe Sabina. Nimekosa. Rudi nyumbani."

"Fundi!" Mzee akasimama. "Hiyo siyo arthi!"

Nikaondoka. Haikupita siku, imeanguka tena. Nikaenda na breka mpya, Sabina akaibadilisha kwa maelekezo yangu, tukaongea mpaka koo likanikauka. Nikiwa njiani kurudi, Kasmiri akapiga.

"Shemeji, kama imekushinda sema tu. Ijumaa Mzee ana mkutano wa ushirika wa pamba Bunda, na ameshatangaza kanisani kwamba anakwenda na gari lake. Nimepata fundi hapa Mwanza. Keshokutwa anakuja na kila kitu."

Fikiria. Fundi wa Mwanza si mkwe wa mtu. Ataingia chumbani, atamaliza kazi, ataondoka. Mimi nitakuwa nimekosa sababu ya kukanyaga pale. Nitabaki na mjomba Mwandu na hadithi zake za pamba, na Sabina atazoea kukaa kwao. Mwanamke akizoea kukaa kwao umeisha.

"Nipe kesho," nikamwambia. "Kesho tu."

Kesho yake nikaenda na kaboksi kadogo. Nikafunga breka nyingine nje, pembeni ya chaja, ndogo na nyepesi kuliko ile ya chumbani. Hesabu yake rahisi: kama kosa liko kwenye chaja au kwenye gari, hii nyepesi ya nje inaanguka kwanza, kabla ya ile ya ndani. Sikumwambia mtu. Nikaaga, nikaenda Makutano, nikaagiza chai na chapati.

Chapati sijaimaliza, simu hiyo. "Mwikwabe, imeanguka."

Nikarudi mbio. Nikafungua kaboksi.

Breka ya nje imesimama wima kama askari.

Nikaanza kucheka peke yangu pale ukutani. Ile breka haikuwa inaanguka. Ilikuwa inaangushwa.

Lakini na nani? Moja kwa moja nikamfikiria mama mkwe. Chumba ni chake, na nilijua tu hanipendi, mgongo wake nimeuona kuliko uso. Sasa utamshitakije mama mkwe ambaye hata salamu unampitishia kwa kuku? Nikamfuata Mzee zizini.

"Mzee, nimepata hitilafu."

"Ni nini?"

"Ni kidole."

Akaacha kumkuna ndama. "Unasema ndani ya nyumba yangu kuna mtu anashusha umeme?"

"Nasema kidole, Mzee. Mwenye nacho sijamtaja."

Mzee akatoka zizini mpaka uani. Halafu akaita kwa sauti kubwa, "Mama Kasmiri! Sabina! Njooni hapa!"

Wakaja. Mama akageukia ukutani. Mzee akauliza, "Nani anashusha ile breka?"

Ndama akalia. Sabina akaangalia vidole vya miguu yake.

"Ile ya kwanza ni mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Alifungasha vifaa vyake nikiwa katikati ya maneno. Nilikuwa sijamaliza kumgombeza."

Nikahisi machozi yananijia na kicheko kinanijia, vyote kwa pamoja. Nikainama kujifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Na ya pili?" Mzee akauliza.

Mama Kasmiri akawageukia kuku. "Nyie kuku, ya pili ni mimi. Huyu mtoto tangu arudi hajacheka. Siku ile nikamsikia anacheka, tena chumbani kwangu, na ukuta. Nikasema basi huyu fundi arudi arudi."

Yaani mama mkwe ambaye nilijua ananichukia! Nilijiona mjinga mpaka masikio yakapata moto.

"Haya, na ya leo?" nikauliza mimi, nimeshasahau kama ni fundi au mkwe.

"Leo sijagusa," Sabina akasema. "Nimeikuta imeshaanguka."

"Kuku, mimi leo nilikuwa kisimani," Mama akasema.

Wote tukageuka. Mzee Machage alikuwa ameanza kuondoka taratibu kuelekea kwa ng'ombe.

"Baba Kasmiri!" Mama akaita.

Mzee akasimama. Akakohoa kile kikohozi chake. "Lile gari halilii."

"Unasemaje?"

"Halilii! Unawasha, kimya. Unakanyaga, kimya, mara umeshafika kwa jirani. Juzi nimemsukuma beberu wangu mwenyewe, hakunisikia nakuja. Ng'ombe akinyamaza namna ile ujue anakutafutia teke. Mimi kwenda nalo Bunda mbele ya ushirika mzima, nikagonge mtu?" Akapunguza sauti. "Na kanisani nimeshatangaza. Nikaona bora chaja iwe mbovu."

Ndiyo maana siku ile ilipowaka alisema 'Mh' tu, akaenda kwa ng'ombe!

Mama Kasmiri alicheka mpaka kanga ikadondoka, akasahau heshima yote, akaniangalia usoni. Ndiyo mara ya kwanza nikaona Sabina amechukua meno ya nani. Halafu akakumbuka, akajifunika, akakimbilia jikoni, lakini tulikuwa tunamsikia.

Sabina akafuta macho. "Baba, si ungesema? Mimi naendeshaga kagari ka kirikuu kubeba samaki kila siku. Leseni ninayo. Ijumaa nakupeleka, wewe unakaa nyuma kama bosi."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Uzee wote wa wiki ile ukamtoka.

Nikaona nafasi yangu. "Baba, basi kwa kuwa yote yamejulikana, naomba..."

"Weka hapo." Akanyoosha mkono. "Binti harudi kwa mume bila wazee. Hiyo sikuitunga mimi na sitaivunja mimi. Lete wazee wako Jumamosi."

Nikaishiwa pozi. Jumamosi ilikuwa mbali kama Bukoba.

Mzee akalizunguka gari, akapiga boneti kwa kiganja. "Ila gari lazima lijaribiwe kabla ya Ijumaa. Na huyu fundi ametumia nauli nyingi. Sabina, likijaa umpeleke Musoma. Umeme ukipungua huko, usihatarishe kurudi. Kaa mpaka lichaji."

"Kwake hakuna chaja, baba."

"Basi itachukua muda," Mzee akasema, akaenda zake.

Nikampigia Kasmiri amzuie fundi wake wa Mwanza, na alasiri tukaondoka. Sabina kwenye usukani, mimi pembeni na begi langu la vifaa mapajani. Kimya kile cha gari kilikuwa kizuri, kila mtu anasikia mwenzake anavyopumua. Tulipofika nyumbani sikukaa. Sikunywa hata maji. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile soketi ya friji, nikaing'oa na waya wake wote, nikafunga upya. Sabina alinishikia tochi.

Ijumaa alimfuata Mzee, akampeleka Bunda, Mzee kakaa nyuma na kofia yake. Wanaushirika walipiga makofi. Wengine walisogea kuuliza mbona halilii, Mzee akawajibu kwamba magari ya watu wazima hayapigagi kelele.

Jumamosi mjomba Mwandu akaenda Butiama na wazee wawili na mbuzi, kumwombea Sabina arudi kwa mume. Mimi nilikaa nyuma yao, nimeinamisha kichwa kwa adabu zote. Mjomba alihutubia nusu siku: ukoo, pamba, ukame, na safari hii akamtaja na Sabina. Mama Kasmiri alikuwa jikoni anajiziba mdomo kwa kanga.

Katikati ya hotuba simu yangu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Sabina, kutoka jikoni kwangu Musoma: "Nimeshakaanga sato. Wanamaliza saa ngapi huko?"

Mzee Machage akamsikiliza mjomba mpaka mwisho, uso mkavu kabisa. Akashika ndevu.

"Nimewasikia," akasema. "Ni jambo zito. Acheni mbuzi hapo, mimi nitafikiria."

Anafikiria mpaka leo.

Basi ndugu zangu mnaotaka magari ya umeme: chaja chagua inayolingana na umeme wa kwako, waya uwe mnene, arthi izame kwenye udongo wenye maji, usiige ya jirani. Hayo ni ya kazi. La maisha ni hili: ukiona kitu kinaharibika kila ukikitengeneza, kabla hujanunua spea nyingine, jiulize kwanza ni nani pale anayetaka urudi.